UZI: Swali la bima ya afya kwenye tafiti za nyumba kwa nyumba litengenezwe upya

KaraniWaMvita

Salaam wanajukwaa. Nafanya kazi ya ukarani wa tafiti za nyumba kwa nyumba hapa Mombasa. Nimebisha milango Mtongwe, Mikindani, Kisauni, Mji wa Kale. Leo nataka tuzungumze swali moja tu, lile la "Je, una bima ya afya?" Mtu anajibu ndiyo au hapana, nabonyeza kwenye kishikwambi, tunahamia kwenye choo na maji ya kunywa. Jibu hilo ndilo linalopanda hadi Nairobi na kurudi kwetu likiwa asilimia kwenye ripoti. Mimi nasema asilimia hiyo, kwa hali ilivyo sasa, haimwelezi mtu yeyote kama aliyejibu akiugua usiku wa leo atatibiwa kwa bima au atatoa pesa mfukoni.

Enzi za NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali ulioanza 1966, mambo yalikuwa afadhali kidogo. Aliyejiajiri alilipa shilingi 500 kwa mwezi, akiacha kulipa kadi inalala, na yeye mwenyewe alijua imelala. Hata hivyo wengi walikuwa wakijibu "ndiyo" kwa sababu kadi ilikuwa bado kabatini.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tuko SHA, mamlaka ya afya ya jamii iliyochukua nafasi ya NHIF, na hapo ndipo swali lilipopasuka. Kusajiliwa ni bure, wabonyeza *147# umemaliza. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilikuwa ikitangaza waliosajiliwa wamepita milioni 20, ilhali wanaolipa ni wachache sana wakilinganishwa na hao. Sasa angalieni. Aliyesajiliwa bila kulipa anahudumiwa zahanati na kituo cha afya, maana hapo mlipaji ni Hazina ya Afya ya Msingi, ambayo hutokana na pesa za serikali. Akipewa barua ya kwenda kulazwa Makadara, hospitali yetu kuu, mlipaji ni hazina nyingine, ile ya Bima ya Afya ya Jamii, na hiyo yataka mchango: asilimia 2.75 ya mshahara kwa mwajiriwa, na kwa asiye na mshahara ni kiasi kinachokadiriwa kulingana na hali ya nyumba yake, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, tena hulipwa cha mwaka mzima kwa mkupuo.

Ingia nyumba moja ya Kiswahili pale Majengo, vyumba vimepangishwa kushoto na kulia. Chumba cha kwanza mtu amesajiliwa, hajalipa. Cha pili amelipa mwaka jana na mwaka umeisha. Cha tatu anakatwa kwenye mshahara kila mwezi. Wote watatu wataniambia "ndiyo, tuna SHA" na hakuna aliyenidanganya. Kwenye takwimu watakuwa watu watatu wenye bima, sawasawa kabisa. Akiugua yule wa kwanza usiku, ataulizwa pesa.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Kwenye tafiti za DHS, zile za kitaifa za idadi ya watu na afya, mama akiulizwa chanjo za mtoto, karani anaomba kuona kitabu cha kliniki. Akikiona ananakili tarehe, asipokiona anaandika kwamba ni maneno ya mama tu, na ripoti hutenganisha hayo mawili. Tuna utaratibu huo miaka na miaka. Kwenye bima hatuombi kuona chochote. Neno la mtu linatosha.

Na nani anajibu? Mara nyingi ni yule niliyemkuta. Mume ni dereva wa lori, yuko njia ya Malaba. Kaka yuko melini. Binti yuko Saudia na bado anatajwa kama wa nyumba hii. Mama niliyemkuta anajibu kwa niaba ya wote, na bima ya mume ni jambo ambalo wake wengi hulijua siku mtoto anapougua.

Tukizitazama nambari, utafiti wa matumizi ya afya ya kaya wa 2013 ulitoa asilimia 17.1 ya Wakenya wenye bima, ule wa 2018 ukatoa 19.9, halafu KDHS, yaani DHS ya Kenya, ya 2022 ikatuonyesha takriban mtu mmoja kati ya wanne. Watu husema tumepanda. Pengine tumepanda kweli. Lakini KDHS na ule mwingine ni tafiti mbili zenye hojaji mbili, na huwezi kujua kupanda huko ni kwa bima kiasi gani na ni kwa namna ya kuuliza kiasi gani mpaka uulize kwa namna moja.

Nataka maoni yenu. Wewe ukibishiwa mlango kesho ukaulizwa, utajibu nini, na utakuwa na maana gani?

MamaDuka_Kongowea

Karani, haya unayosema yamenipata. Mimi nilisajiliwa na yule mama wa afya ya jamii wa mtaa wetu, alikuja na simu yake akaniandika mimi na watoto. Mdogo alipopata homa nikaenda kituo cha afya, nikahudumiwa, sikutoa hata ndururu. Moyoni nikajua basi, nina bima. Ungekuja wiki ile ukaniuliza ningekwambia ndiyo kwa kifua mbele.

Baadaye mamangu akaanguka akavunjika nyonga. Tukafika hospitali, kijana wa dirishani akaandika namba ya kitambulisho chake, akasema mama amesajiliwa lakini hajalipiwa. Pia mimi nilidhani yuko chini yangu kwa sababu naishi naye. Hayuko. Mzazi si mtoto wala mke, anajitegemea. Tulichanga kwenye kikundi cha ukoo cha WhatsApp, Mungu awalipe waliotoa.

Kwa hivyo ukiniuliza "nyumba hii mna bima?" sijui nikujibu la nani.

Takwimu_Tudor

Mada nzuri sana hii, na nina la kuongeza kwa sababu nimesomea takwimu.

Tatizo hili si letu peke yetu. Marekani hawana bima moja ya taifa kwa watu wote, kwa hivyo idadi ya wasio na bima ni jambo la siasa kubwa kwao, na kwa miaka mingi idadi hiyo ilitoka kwenye utafiti uitwao CPS unaofanywa na Ofisi ya Sensa. Kila mwaka, kati ya Februari na Aprili, walikuwa wakiuliza kuhusu mwaka mzima uliopita: je, wakati wowote mwaka jana ulikuwa na bima hii, au ile? Ili uhesabiwe huna bima ilibidi uwe umekosa miezi yote 12. Ungetarajia watu hao wawe wachache. Lakini nambari ilitoka ikifanana na ya tafiti zinazouliza "leo hii una bima?" Maana yake ni kwamba watu walikuwa wakijibu kuhusu leo, au wamesahau bima waliyokuwa nayo miezi michache ya mwanzo wa mwaka jana. Fikiria mwenyewe, unaulizwa mwezi Machi ukumbuke Februari ya mwaka uliopita.

Mwaka 2014 wakabadilisha. Sasa wanaanza na leo: una bima sasa hivi? Ukisema ndiyo, wanauliza ilianza lini, kisha wanarudi nyuma nawe mpaka Januari ya mwaka uliopita na kuuliza mapengo. Mtu anashikilia la leo ambalo analijua, halafu anavuta kumbukumbu kutoka hapo. Kwa hojaji ya zamani, wasio na bima mwaka 2012 walikuwa asilimia 15.4, watu milioni 48. Kwa hojaji mpya, mwaka 2013 ukatoa asilimia 13.4, watu milioni 42. Ofisi ya Sensa yenyewe ikaonya kwamba nambari hizo mbili zisilinganishwe, swali si lile.

Na hapa ndipo nataka tusikie vizuri. Mabadiliko hayo yaliangukia wakati ule ule ambapo sheria ya afya ya Obama ilikuwa inaanza kufanya kazi kikamilifu, Januari 2014. Kelele zilikuwa nyingi, watu wakasema mnabadilisha kipimo siku ya kupima. Ofisi ikajitetea kwamba hojaji mpya itaanza na mwaka 2013, kwa hivyo angalau mwaka mmoja wa kabla utakuwa umepimwa kwa kipimo kipya. Sisi tumevuka kutoka NHIF kwenda SHA, na tukibadilisha swali kimyakimya, hakuna atakayeweza kusema kama SHA imeongeza watu au imewapunguza.

Dawa yake yajulikana. Gawa sampuli. Nusu ya nyumba zipate swali la zamani neno kwa neno, nusu zipate jipya, katika utafiti mmoja, mwezi mmoja. KDHS ya 2022 ilichagua nyumba zaidi ya 42,000 kaunti zote 47. Ukigawa nusu, kitaifa bado una nguvu ya kutosha kujua swali limebadilisha nambari kiasi gani. Kwa Mombasa peke yake nusu itakuwa ndogo na makadirio yatayumba, hilo tulikubali mapema ili asije mtu akatoa jedwali la Jomvu au Changamwe kutokana na nyumba chache.

DerevaLikoni

Heshima kwenu nyote, lakini naomba kuuliza kwa nia njema. Mimi ni wa tuktuk. Kituo cha afya cha kwetu wakati mwingine hakina dawa. Kwa nini pesa ziende kwenye kutengeneza maswali badala ya dawa? Mimi najua sina bima ya kulazwa. Jirani yangu anajua hana. Serikali ikitaka kujua si ifungue kompyuta yake ya SHA ihesabu waliolipa?

KaraniWaMvita

Ndugu DerevaLikoni, swali lako ni la haki na nalijibu kwa uzito huo huo.

Kompyuta ya SHA inajua aliyelipa. Haijui kwamba asiyelipa ni mama wa samli pale Kongowea mwenye watoto watano, kwamba mwaka huu aliacha kwenda hospitali kwa kukosa pesa, au kwamba aliuza cherehani kulipia upasuaji. Utafiti unajua hayo yote kwa sababu unauliza bima, maradhi, matumizi na hali ya nyumba kwenye kikao kimoja. Na kuna wasiokuwamo kabisa kwenye kompyuta hiyo: asiye na kitambulisho, mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa. Hao huwaona kwa kubisha mlango tu.

Kuhusu dawa, anayegawa pesa za kulipia wasiojiweza anagawa kwa kuangalia nambari. Ikiandikwa kwamba Likoni walio wengi wana bima kwa sababu walisema "ndiyo, nimesajiliwa", hakuna atakayeona haja ya kuwalipia. Swali bovu linawaficha watu ambao wewe unawabeba kwenye tuktuk yako kila siku.

DerevaLikoni

Hapo nimekuelewa, kaka. Hasa hilo la kufichwa. Niko nanyi.

NesiZamuUsiku

Nimesoma kimya tangu juu. Mimi niko upande wa pili wa dirisha, hospitali ambayo sitaitaja.

Mgonjwa akija kulazwa, tunatafuta namba ya kitambulisho, mfumo unaonyesha kama mchango wake uko hai. Kisha anathibitishwa mwenyewe, kwa kidole. Wengi wanaofika wanaamini wana bima. Hawaji kudanganya. Ule uso wa mtu anayeambiwa "haijalipwa" ni wa mshangao wa kweli, na mimi nimeuona mara nyingi kuliko ninavyotaka. Kwa hivyo, Karani, hata ukitengeneza swali zuri namna gani, kuna kundi litakalokwambia limelipa na likiamini hivyo kwa dhati. Nawasihi mzingatie lile la kitabu cha chanjo. Mtu aombwe kwa hiari yake abonyeze *147# kwenye simu yake mwenyewe aone hali yake. Wewe uandike: imeonekana hai, imeonekana haiko hai, au haikuonekana. Usilazimishe. Hata "haikuonekana" ni habari.

Kundi la pili ni la wanaosema hawana, na wanayo. Wafanyakazi wa nyumbani, walinzi, watu wa hoteli. Anakatwa kwenye mshahara na hajui kwamba kile anachokatwa ndicho hiki, maana yeye bado anaita "ile NHIF" na ameambiwa NHIF imekufa. Nimeshamwambia mlinzi mmoja kwamba ana bima, akaniuliza mara mbili kama nina hakika.

KibaruaKilindini

Kwa kundi la tatu, niiteni mimi shahidi. Tunafanya kazi kwa mkandarasi, simtaji. Karatasi ya mshahara yaonyesha makato ya SHA kila mwezi. Mwajiri anatakiwa kuyafikisha si zaidi ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Siku mke wangu alipokwenda kujifungua, mfumo ukaonyesha miezi haikufikishwa. Sasa mimi nina bima au sina? Nimelipa. Pesa imetoka kwangu. Nikiulizwa na karani nitasema nimelipa, na karatasi ninayo, nitaionyesha.

Msiache swali moja tu la "umelipa". Ulizeni na njia: umelipa mwenyewe, unakatwa na mwajiri, au unalipiwa na mtu au serikali. Jibu langu likilinganishwa na mfumo ndipo mtaona waajiri wanaokalia pesa za watu ni wengi kiasi gani. Tena itakuwa nambari ambayo hakuna mwingine anayeikusanya kwa kuwauliza wafanyakazi wenyewe.

Takwimu_Tudor

KibaruaKilindini, pole sana, na umetoa hoja ya kitaalamu kuliko vitabu vyangu. Kulinganisha jibu na daftari ndio mtihani wa hojaji wenyewe. Huko Minnesota watafiti walichukua majina kwenye daftari la kampuni ya bima, watu ambao bima yao inajulikana, wakawapigia simu kwa hojaji ya CPS na nyingine ya utafiti uitwao ACS, wakatazama nani amejibu sawasawa na daftari. Walio wengi walisema kweli kwamba wana bima. Mkorogo ulikuwa mkubwa zaidi kwenye aina: ya serikali ikaitwa ya kununua, na kinyume chake. Medicaid, bima yao ya wenye kipato cha chini, kila jimbo laweza kuipa jina lake, California ni Medi-Cal, Tennessee ni TennCare, na mtu akisomewa "Medicaid" anasema hapana. Siku hizi karani wao anasoma jina la jimbo husika.

Kwetu ni hivyo hivyo. Kwenye orodha ya majibu pasomeke SHA, "ile iliyokuwa NHIF", bima ya kazini, ya kununua mwenyewe, na hata chama chenye mfuko wa ugonjwa, japo hicho kiwekwe kando kisijumlishwe na bima.

BiMkubwa_Kibokoni

Wanangu, mwasema vizuri, ila nyote mnazungumza kama nyumba ni kitu kimoja.

Kwa makarani, kaya ni wanaolala pamoja na kula chungu kimoja, na wana mkuu mmoja. Kwa SHA, nyumba ni mchangiaji, mwenzi wake na watoto. Hizo ni nyumba mbili tofauti zinazoitwa jina moja. Kwangu mimi hapa tunakula pamoja mimi, mwanangu wa kiume na mkewe, wajukuu, mpwa wangu aliyekuja kusoma kutoka Lamu, na msichana anayetusaidia kazi. Mwanangu akilipa, amejilipia yeye, mke na watoto wake. Mimi simo. Mpwa hamo. Msichana hamo. Karani akiuliza "kuna mtu mwenye bima hapa?" mwanangu atajibu ndiyo, na sote saba tumeshawekwa ndani.

Na kuna wanaume wenye nyumba mbili, moja Likoni, moja Kisauni. Karani ataiandika kila moja kaya yake, na itakuwa sawa. Lakini mchango ni mmoja, na mke yupi ameandikwa na yupi hakuandikwa ni jambo ambalo mume hatalisema mbele ya mke. Huyo mke aulizwe mwenyewe, faraghani. Hilo nalisisitiza. Msimuulize mume habari za mke.

Wazee pia. Hojaji ya mtu binafsi kwenye DHS huwafikia wanawake wa miaka 15 hadi 49. Mimi nimeivuka zamani. Swali likikaa humo peke yake, mimi sipo duniani.

KaraniWaMvita

Bi Mkubwa, shikamoo, na ahsante. Hili nitalichukua kama lilivyo: bima iulizwe kwenye orodha ya watu wa nyumba, jina kwa jina, mtoto mchanga hadi ajuza, kabla ya kuingia hojaji nyingine.

Kuna jambo bado halijaguswa nami naliona mlangoni kila mara. Hofu. Asiye na mshahara, SHA humkadiria mchango kwa kumuuliza hali ya nyumba: paa, kuta, choo, vitu alivyo navyo. Na sisi kwenye utafiti twauliza paa, sakafu, choo, televisheni, friji. Maswali yanafanana mno. Watu wanadhani karani ametumwa kuja kuwapandishia mchango. Nimeona mtu akishusha thamani ya kila kitu, na akisema hana bima ili asidaiwe, au akisema anayo ili asibanwe. Ukichanganya na suala la kuombwa abonyeze *147# mbele ya mgeni, naona ugumu.

Wakili_Nyali

Kisheria jambo hili lina njia. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na ridhaa lazima iwe ya wazi, mtu ajue inatumika kwa nini na aweze kukataa bila kudhurika. Kwa hivyo kwanza, karani asinakili namba ya kitambulisho kwa ajili ya bima. Hali iliyoonekana inatosha. Pili, akitakiwa kulinganisha na daftari la SHA kama Takwimu_Tudor anavyopenda, ridhaa ya hilo iombwe peke yake, mwishoni, isizikwe ndani ya ridhaa ya mwanzo. Atakayekataa aendelee kuhesabiwa kwenye utafiti kama kawaida.

Na kuhusu hofu, mpangilio wa maswali unasaidia. Bima na malipo yawekwe mbali na orodha ya mali, na kabla yake. Mtu akishaulizwa friji ndipo unamuuliza SHA, tayari ameshaunganisha.

MfanyakaziHoteli_Bamburi

Naomba kuongeza dogo. Sisi wa hoteli, msimu wa mvua, Aprili hadi Juni, wengi tunarudishwa nyumbani bila mshahara. Makato yanasimama. Desemba tuko kazini na kila kitu kinalipwa. KDHS ya 2022 ilikusanywa kati ya Februari na Julai. Ukinikuta Februari nina bima, ukinikuta Juni sina, na mimi ni yule yule. Ndiyo maana napenda ile ya kuuliza mwezi kwa mwezi. "Leo" peke yake haitoshi kwa mji huu.

KaraniWaMvita

Nimekusanya yote haya nikajaribu kuandika maswali kama yatakavyosomwa mlangoni, kwa Kiswahili cha mtu na si cha ofisi. Kila moja linaulizwa kwa jina la kila mtu aliyeandikwa kwenye orodha ya nyumba:

"(Jina) amesajiliwa SHA, ile iliyochukua nafasi ya NHIF? Je, ana bima nyingine, ya kazini au ya kununua?"

"Ukiacha kusajiliwa, kuna mchango uliolipwa kwa ajili yake? Anayelipa ni nani: yeye mwenyewe, mwenzi au mzazi wake, mwajiri kwa kumkata mshahara, au serikali au mtu mwingine?"

"Mchango wa mwisho ulilipwa mwezi gani? Tukirudi nyuma kutoka mwezi huu, kuna miezi ambayo haukulipwa?"

"Mara ya mwisho alipokwenda kutibiwa, bima ililipa yote, sehemu, au haikulipa? Alikwenda zahanati au kituo cha afya, au hospitali?"

Kwa aliyejibu hana chochote: "Nithibitishe tu, kwa hivyo akilazwa leo gharama yote ni ya familia?" Hili nimelichukua kutoka kule kwa CPS, ambako tangu mwaka 2000 asiyetaja bima yoyote huulizwa kuthibitisha, na wapo waliokumbuka hapo.

Mwisho, kwa hiari, kuangalia *147# na kuandika kilichoonekana.

Najua yanaongeza muda. Nyumba ya watu saba itachukua dakika nyingi na mtu ana chapati motoni. Lakini asiyesajiliwa anarukia mwisho moja kwa moja, na watoto wa mtu mmoja wanajibiwa pamoja.

NesiZamuUsiku

Swali la nne ndilo bora. Ila "alipokwenda kutibiwa" libadilishwe. Mtu aliyekwenda dirishani akaambiwa haijalipwa, akageuka akarudi nyumbani, atasema hakutibiwa, mtamruka. Waulizeni mara ya mwisho alipougua au kuumia, alikwenda wapi, na kama alirudishwa.

MamaDuka_Kongowea

Na lile la kuthibitisha mimi ningelielewa hata bila kueleweshwa. "Akilazwa leo nani analipa?" Hapo sina la kujificha, najua ni mimi.

Takwimu_Tudor

Nakubaliana na Nesi. Karani, rekebisha la nne halafu tulijaribu kwa nyumba za watu tunaojuana kwanza, Mvita na Likoni, kabla ya kulipeleka kwa wenye tafiti. Tutazame ni wapi watu wanasita. Mimi nitaandaa jedwali la kulinganisha na swali la zamani, na nusu ya nyumba tutaziuliza lile la zamani tu.

DerevaLikoni

Likoni niachieni mimi. Nitawapeleka mtaa kwa mtaa, na pale Mtongwe mzee wa mtaa ananijua. Njooni baada ya saa kumi, asubuhi hamtamkuta mtu, wote wako feri.

KaraniWaMvita

La nne nimelibadilisha: "Mara ya mwisho (jina) alipougua au kuumia alikwenda wapi? Alihudumiwa au alirudishwa? Nani alilipa?" Nitaweka hojaji nzima hapa kwenye uzi kesho jioni, kila mtu aisome kwa sauti nyumbani kwake na aniambie ni wapi ulimi unakwama.